Seti za pedi za kufua kwa binti anayeanza hedhi: zinazouzwa Moshi zikoje?

Nunua, ila ifungue mezani pamoja na binti kabla hajaihitaji. Seti nyingi zinazopatikana Moshi, kuanzia maduka ya dawa ya mjini hadi kwa mafundi wa Mbuyuni na Kiboriloni, zina kitambaa kizuri na ushonaji unaoridhisha. Kasoro zake kubwa ni tatu, na zote zinarekebishika nyumbani: pedi ni chache, mara nyingi ni pana mno kwa mtoto, na karatasi ya maelezo iliyomo ndani inazungumza na mtu mzima. Tunaoandika ni muuguzi na fundi cherehani, kwa hiyo utuvumilie tukikaa muda mrefu kwenye uzi na vifungo. Pedi nyingi zinavujia hapo.

Kilichomo

Seti ya kawaida ina kifuko cha kitambaa, pedi tatu au nne za mchana, moja ndefu ya usiku, wakati mwingine chupi mbili na kipande cha sabuni, na hiyo karatasi. Pedi yenyewe ina matabaka matatu. La juu, linalogusa ngozi, ni flana au kotoni laini. La kati ni taulo au flana iliyopangwa mara mbili hadi nne, na kazi yake ni kunyonya. La chini ni kitambaa chenye utando mwembamba wa plastiki usiopitisha maji. Mabawa mawili yanazunguka chupi na kukutana kwa chini, yanafungwa kwa kifungo cha kubonyeza.

Geuza pedi uangalie upande wa chini. Ukiona mstari wa mshono umepita katikati, kutoka mbele hadi nyuma, irudishe. Kila tundu la sindano kwenye ule utando ni mlango wa kuvujia, na mshono wa katikati unapita palepale damu inapodondokea. Fundi anayejua kazi hushikiza tabaka la kunyonya kwenye kitambaa cha juu kwanza, halafu ndipo anaweka cha chini na kushona ukingo peke yake. Angalia na uzi: wa polyester ni salama, wa pamba hunyonya damu na kuitoa nje kupitia mshono, ndiyo maana pedi nyingine zinachafua chupi pembeni wakati katikati bado pakavu. Pia wapo wanaotumia kitambaa cha mwavuli kwa chini. Kinasikika kikichakarisha mtoto akitembea darasani, kinatunza joto, na kwenye matundu ya sindano kinaachia.

Kifungo kibonyeze na kukibandua mara kadhaa palepale dukani. Kinachong'oka huwa kimepigwa kwenye kitambaa kimoja bila kipande cha kuimarisha kwa ndani. Pedi isiyo na kifungo haina maana. Bawa likijikunja, pedi nzima inasogea nyuma.

Vipimo vinahitaji rula. Kwa binti wa miaka 10 hadi 13, pedi ya mchana ya sentimita 22 hadi 25 inatosha, ya usiku 28 hadi 30. Upana wa kati, mabawa yakiwa yamefungwa, usizidi sentimita 7 sana. Tulizozipima nyingi zinafika 8 au 9, upana unaoifaa chupi ya mama yake. Kwenye chupi nyembamba ya mtoto pedi hiyo inajikunja kama mfereji, inamkwaruza mapaja, na yeye atakataa kuivaa bila kusema sababu. Anaposema "sizipendi", uliza inamuumiza wapi kabla hujamgombeza.

Kasoro moja ndogo ya kuchekesha, ila kwa mtoto si ya kuchekesha hata kidogo: baadhi ya pedi zina maua pande zote mbili. Binti anayevaa kwa mara ya kwanza chooni shuleni, kwa haraka, anaweza kuiweka utando ukiwa juu. Damu haina pa kwenda isipokuwa pembeni. Chagua yenye upande wa juu wa rangi moja na upande wa chini wenye maua, au shona uzi wa rangi kwenye upande wa kugusa chupi.

Jaribio la vijiko

Hapa ndipo ukaguzi na mazungumzo vinapokutana. Fua pedi mpya mara mbili au tatu kwanza, kwa sababu kitambaa kipya kina dawa ya kiwandani inayozuia kunyonya. Ukijaribu bila kufua utadhani ni mbovu. Ikikauka, iweke mezani, chukua kijiko cha chai, ambacho kwa kawaida ni mililita 5, na maji yenye choya ili rangi ionekane. Mwagia kijiko kimoja katikati, taratibu. Subiri. Cha pili. Cha tatu. Kisha bonyeza juu kwa kipande cha karatasi laini ya chooni, na geuza uangalie chini. Pedi nzuri ya mchana inabeba vijiko vitatu bila kutoka pembeni, ya usiku vinne au vitano. Damu ni nzito kuliko maji na inaingia polepole zaidi, kwa hiyo jaribio hili halikupi jibu kamili, lakini pedi inayoshindwa maji hapa mezani usitegemee itaweza shuleni.

Sasa mkabidhi binti kijiko. Hili ndilo jambo ambalo karatasi zote tulizosoma zimeliruka: mtoto anaogopa wingi wa damu. Ameambiwa "utatoka damu siku tano" na damu anayoifahamu ni ya kidonda au ya kuku aliyechinjwa. Swali linalokuja ni hili:

"Mama, na damu ikiniishia?"

"Haikuishii, mwanangu. Kwa siku zote hizo inatoka kama vijiko sita hadi nane vya chai. Umemwaga vingapi hapo?"

Ni hesabu ya kweli. Wastani ni mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima, na siku ya kwanza na ya pili ndizo zenye nyingi. Inaonekana nyingi kwa sababu inasambaa kwenye kitambaa, na akienda kuoga ikichanganyika na maji ndiyo kabisa. Mtoto aliyeiona mezani hataogopa chooni.

Pedi ngapi?

Nne hazitoshi. Hesabu yake ni nyepesi: binti anabadilisha kila baada ya saa nne hadi sita, hivyo siku ya kwanza na ya pili anatumia nne kwa siku pamoja na ya usiku. Kiangazi, Januari au Februari, pedi iliyofuliwa asubuhi inakauka jioni. Anahitaji nane ili zizunguke bila kumkwamisha. Masika, Machi hadi Mei, ni habari nyingine. Moshi mjini pedi nene inaweza kuchukua siku mbili, na ukipanda Kibosho au Marangu, au ukiwa Arusha mwezi wa saba kuna baridi na ukungu, hata zaidi. Hapo ni kumi na mbili, au kubali kuchanganya: za kufua nyumbani, za kutupa siku mbili za mwanzo na siku za shule. Sisi tunapendekeza kuchanganya. Anayekulazimisha uchague upande mmoja ana bidhaa ya kuuza.

Kwa sababu hiyohiyo tunazipa alama nyingi zile pedi zinazofunguka, yaani zenye mfuko kwa juu na kitambaa cha kunyonya kinachotolewa ndani. Zinakauka kwa nusu ya muda. Ubaya wake ni kwamba mtoto anaweza kuivaa ganda tupu, akasahau kitambaa. Mwonyeshe, na mwache aipange mwenyewe mara moja mbele yako.

Kuhusu fedha, chukua pakiti ya pedi za kutupa kwa mfano wa shilingi 2,500, yenye pedi 8 au 10. Pedi nne kwa siku tano ni ishirini, kwa hiyo pakiti mbili na zaidi kwa mwezi, takriban shilingi 5,000, au 60,000 kwa mwaka kwa binti mmoja. Seti ya kufua ya shilingi 20,000 inajilipa kwa miezi minne. Kodi haijasaidia sana kwenye hesabu hii: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye taulo za kike iliondolewa mwaka 2018, ikarudishwa 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka.

Kufua, na pale watu wanapoziharibu

Maji baridi. Maji ya moto yanagandisha protini iliyo kwenye damu, doa linabaki la kahawia maisha yote. Loweka dakika 20 hadi 30, si usiku kucha. Ndoo iliyolala na pedi inanuka na bakteria wanastawi. Mwaga, sugua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka maji yawe meupe. Sabuni ya unga yenye harufu kali inabaki kwenye nyuzi na kumwasha binti siku inayofuata, halafu watu wanasema pedi za kufua zinaleta fangasi. Usitie jiki, inakula utando. Usipige pasi upande wa chini, utando unayeyuka. Kilainishi cha nguo nacho kinafunika nyuzi, pedi inaacha kunyonya.

Anika juani, kwenye kamba ya nguo, upande wa maua ukitazama juu kama hutaki wapita njia waone. Ukipenda funika kwa khanga nyepesi. Kuanika uvunguni mwa kitanda au nyuma ya kabati ndilo kosa linaloleta kuwashwa kweli: pedi inakauka juu tu, ndani ina unyevu, ukungu unaota. Binti akiona mama anaficha pedi uvunguni, ameshajifunza somo zima la aibu bila neno kutamkwa. Kama nyumba ni ya kupanga na ua ni wa wote, anikeni katikati ya nguo nyingine ndogo.

Hapa bibi anastahili sifa. Wanawake waliolelewa na vitambaa vya khanga wanajua habari ya maji baridi kuliko karatasi yoyote, na watoto wengi wa Uchagani wanalelewa na bibi kijijini wakati wazazi wako mjini. Mhusishe. Ila muulize kwanza atasema nini, kwa sababu baadhi watachanganya maji baridi na katazo la kuchuma mboga bustanini siku za hedhi. Mboga hazikauki kwa sababu ya hedhi. Mwache binti achume.

Karatasi ya maelezo

Tumesoma kadhaa. Zinafanana: "Hongera, sasa umekuwa mwanamke", picha ya mfumo wa uzazi yenye majina madogo yasiyosomeka, maelekezo ya kufua, basi. Nyingine zinaongeza onyo la wavulana. Kwa maelekezo ya kufua zinafaa. Mengine yote tunayapa alama ya chini, na sababu tutaieleza kwa kirefu kwa sababu hiki ndicho kipande cha seti ambacho mzazi inabidi akitengeneze mwenyewe.

Mtoto wa miaka 9 au 10 akivunja ungo bado ni mtoto. Kumwambia amekuwa mwanamke kunamtisha, na wakubwa wengine wanalichukua kama ruhusa. Mwambie mwili wake umeanza kukua, na utaendelea miaka kadhaa. Lile onyo maarufu la "sasa ukiguswa na mvulana unapata mimba" liache kabisa. Watoto huelewa maneno kama yalivyo. Atakaa darasani akiogopa kiwiko cha mwenzake kwenye dawati, na siku akigundua kuwa si kweli, hatakuamini kwenye lililo kweli. Lililo kweli ni hili: mimba inatokana na kujamiiana, na baada ya hedhi kuanza, hata pengine kidogo kabla yake, mwili unaweza kushika mimba. Liseme hivyo, kwa sauti ya kawaida.

Maelezo ya kwa nini damu inatoka hayahitaji picha yenye majina ishirini. Kila mwezi mji wa mimba unajitandikia utando laini ndani, kwa ajili ya yai. Yai lisiporutubishwa utando hauhitajiki, unabomoka na kutoka na damu kupitia uke. Halafu unatandika mwingine. Tumia maneno uke na mji wa mimba bila kuyazungusha. Mtoto asiye na jina la kiungo chake hawezi hata kumweleza muuguzi panapouma.

Anza lini? Hedhi ya kwanza kwa wengi inakuja miaka 12 au 13, lakini miaka 9 au 10 si ajabu. Mwili unatoa dalili: matiti yakianza kuchipua, hesabu takriban miaka miwili hadi mitatu. Baadaye unakuja ute mweupe kwenye chupi, miezi sita hadi mwaka kabla ya damu. Ukiuona unapofua chupi zake, seti iwe imeshanunuliwa. Usimkalishe kwa hotuba ya saa nzima. Dakika tano mkimenya ndizi, nyingine siku ya vijiko, nyingine mkinunua chupi. Mwambie pia kwamba damu ya kwanza mara nyingi haina rangi ya damu: ni doa la kahawia, kama uchafu, na wasichana wengi wanadhani wamejichafua. Hakuna karatasi hata moja kati ya tulizosoma iliyotaja hilo, na ni jambo linalotokea sana.

Kisha kalenda. Ile ya ukutani inatosha. Siku ya kwanza ya damu anaweka alama, anahesabu kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kwanza nyingine, si kutoka siku iliyokauka. Karatasi zinasema siku 28. Kwa mtu mzima ni wastani unaokubalika. Kwa binti, miaka miwili au mitatu ya mwanzo, siku 21 hadi 45 ni kawaida, kwa sababu yai halijaanza kupevuka kwa utaratibu. Mwezi unaweza kurukwa. Mzazi anayeamini 28 pekee anaanza kumhoji mtoto mimba ya nani.

Kwa familia za Kiislamu, ongeza wenyewe kile ambacho karatasi haina: haswali wala hafungi siku hizo, siku za Ramadhani atazilipa baadaye, na ataoga josho akimaliza. Mtoto asipoelezwa mapema atadhani anaadhibiwa.

Na baba je? Nyumba nyingine ni baba tu aliyepo. Baba anaweza kununua seti, kufanya jaribio la vijiko na kueleza habari ya kalenda. Kuvaa pedi kunaonyeshwa juu ya chupi iliyowekwa mezani, hakuhitaji mwili wa mtu. Kama binti anaona haya, shangazi aitwe kwa ajili ya yale machache yaliyobaki. Kaka zake nao waambiwe, kwa kifupi, ili wasimcheke.

Kifuko na siku ya shule

Binti anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi jioni baada ya masomo ya ziada anakaa nje kama saa kumi. Pedi moja haiwezi. Ndani ya begi awe na pedi mbili, chupi moja safi, karatasi laini, na kifuko chenye sehemu mbili: safi huku, iliyotumika kule. Vifuko vingi vya seti ni vya khanga au kitenge na havina bitana ya kuzuia maji, kwa hiyo unyevu na harufu vinapita kwenye madaftari. Peleka kwa fundi aweke bitana na zipu, ni kazi ya nusu saa. Pedi iliyotumika inakunjwa kuelekea ndani, mabawa yanafungwa kwa kifungo chake chenyewe, inakuwa kipande kidogo kisichogusa kitu.

Sketi ya bluu iliyokoza ya shule za msingi inasaidia sana kuficha doa, na sweta la kufunga kiunoni, ambalo asubuhi za huku kila mtoto analo, linamalizia. Mweleze ni mwalimu gani wa kike wa kumfuata, na mfanyishe mazoezi ya sentensi yenyewe: "Mwalimu, naomba ruhusa, niko kwenye siku zangu." Akiisema nyumbani mara mbili tatu haitamkwama kooni shuleni.

Chupi iwe ya kotoni na imbane vizuri. Chupi iliyolegea inaharibu hata pedi bora kuliko zote. Taiti juu yake inasaidia siku ya michezo.

Mbadala wake, kwa kifupi

Pedi za kutupa ni rahisi kwa shule, na hilo tumeshalisema. Angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe, na usinunue zilizofunguliwa zinazouzwa mojamoja juani. Zina punje zinazogeuka ute zikilowa, kwa hiyo zikitupwa kwenye choo cha maji zinavimba na kuziba, na kwenye choo cha shimo zinajaza shimo haraka. Mfundishe kuizungushia karatasi na kuiweka kwenye pipa la taka au kichomea taka kama shule inacho.

Kikombe cha hedhi cha silikoni kinakaa hadi muda wa saa 12, kinachemshwa dakika tano, na kinadumu miaka. Kwa mtoto wa miaka 11 tusingeanza nacho. Kinahitaji maji safi, mikono safi na kuujua mwili wake, na kwa wengi hayo matatu hayaji pamoja mapema. Akifika kidato cha tatu akakiulizia mwenyewe, mjadili.

Maumivu, na dalili za kwenda hospitali

Hakuna seti tuliyoiona yenye habari ya maumivu, wakati ndiyo inayowatoa wasichana darasani. Maumivu ya chini ya kitovu yanatokana na mji wa mimba kujikaza kwa kemikali zinazotengenezwa kwenye ule utando. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo tumboni inasaidia kweli. Kwa dawa, ibuprofen inafanya kazi zaidi kwa sababu inazuia kemikali hizo zisitengenezwe. Mwenye miaka 12 na kuendelea miligramu 200 hadi 400, pamoja na chakula, hadi mara tatu kwa siku, na inywewe maumivu yakianza, si baada ya kulia. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu asiitumie bila ushauri. Paracetamol miligramu 500 inamfaa. Aliye chini ya miaka 12, muulize mfamasia dozi. Aspirini usimpe aliye chini ya miaka 16.

Nenda kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali ya Mawenzi au KCMC, au Mount Meru kwa walioko Arusha, akilowesha pedi nzima kila saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, akitoka damu zaidi ya siku saba, akikosa shule kila mwezi kwa maumivu ambayo dawa haiyagusi, akipauka na kuchoka, au akifikisha miaka 15 bila hedhi. Pia kama imeanza kabla ya miaka 8. Kuhusu kupauka: dagaa, maharage, maini na mchicha vipo, lakini chai inayonywewa papo hapo na chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Isogezwe saa moja.

Unaponunua

Omba kufungua seti. Muuzaji anayekataa ana sababu yake. Kwa fundi wa sokoni ni bora zaidi: nenda na chupi ya binti iwe kipimo, taja sentimita 7 za upana, taja uzi wa polyester, na kataa mshono wa katikati. Agiza nane za mchana na mbili za usiku badala ya seti iliyopangwa tayari, kisha nunua chupi na kifuko pembeni. Karibu na tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, shule nyingi hupokea misaada ya pedi. Pokeeni, lakini pimeni na hizo kwa rula.

Muda wa matumizi wauzaji wanasema mwaka hadi miwili au zaidi, na kwa anayefua kwa maji baridi na kuanika juani haiko mbali na ukweli. Rudia jaribio la vijiko kila baada ya miezi sita. Utando ukianza kupasuka au kubanduka, pedi imekwisha. Vifungo bado vinafaa: vitoe umpelekee fundi, avipige kwenye nyingine.